Miaka miwili ya Kampala tusiyoisimulia

Kila mtoto wa Tanzania aliyepita darasani anajua jinsi Vita vya Kagera vilivyoanza. Anajua kwamba mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka Mutukula, yakaikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe, yakapora kiwanda cha sukari na kulilipua daraja la Kyaka. Anaijua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba ile, yenye sababu, nia na uwezo, kwa kuwa wazee nyumbani bado wanaikariri. Anajua pia kwamba Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka na Amin akakimbia. Hapo simulizi inakatika. Vijana wanapokelewa kwa ngoma, mashujaa wanazikwa Kaboya, mwalimu anafunga kitabu.

Lakini wanajeshi wetu hawakurudi wote mwaka ule. Maelfu yao walibaki Uganda hadi katikati ya 1981. Katika muda huo nchi ile iliapisha marais wawili na kuwaondoa wote wawili, ikatawaliwa na Tume ya Kijeshi, ikafanya uchaguzi unaobishaniwa mpaka leo, kisha ikaanza vita vya msituni vilivyodumu miaka mitano. Sehemu kubwa ya hayo ilitokea huku askari wa Tanzania wakiwa ndio nguvu kubwa kuliko zote ndani ya Uganda. Tunajivunia miezi ya mapigano, na tunayo haki ya kujivunia. Miaka miwili iliyofuata tumeiacha kwa Waganda waisimulie peke yao, na mimi naona hilo ni deni.

Jeshi likishamwondoa mtawala wa nchi jirani, halina tena nafasi ya kuwa mtazamaji. Likiingilia kati limeamua, na likikaa kando limeamua vilevile. Serikali yetu ya wakati ule haikutaka kulikubali hilo. Ilitaka kuwa mkombozi asiye na mkono katika kinachofuata, na nafasi ya namna hiyo haikuwepo Kampala.

Nisieleweke vibaya kuhusu uhalali wa vita vyenyewe. Amin alitangaza hadharani kwamba ardhi ile, yapata kilomita za mraba 1,800, ni ya Uganda. Hakuna serikali yenye akili timamu ambayo ingeketi mezani kujadili jambo hilo huku watu wake wakizikwa. Nyerere mwenyewe ndiye aliyewasilisha, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka 1964, azimio la kuheshimu mipaka tuliyorithi kwa wakoloni. Alipowarudisha askari wa Amin nyuma ya mpaka, alikuwa analitetea azimio lake.

Ugumu ulianzia baada ya hapo. Januari 1979 jeshi letu lilivuka na kuiteka Mutukula, na mji ule ukasawazishwa kwa matingatinga kulipiza yaliyofanywa Kagera. Februari zikafuata Masaka na Mbarara, nazo zikavunjwavunjwa. Inasemekana kwamba mwanzoni Mwalimu hakukusudia kufika Kampala. Tegemeo lilikuwa Waganda waliokuwa uhamishoni, waimalizie wenyewe kazi iliyobaki. Kisha Gaddafi akatuma majeshi yake kumwokoa Amin, yakakutana na yetu Lukaya usiku wa Machi 10 kuamkia 11. Baada ya Walibya kushindwa pale, barabara ya kwenda Kampala ilikuwa wazi na hakukuwa na jeshi la Waganda lenye ukubwa wa kuipita peke yake. Hivyo ndivyo vita vya kulinda mpaka vilivyogeuka kuwa vita vya kubadilisha serikali. Havikugeuzwa na mpango mkubwa uliofichwa. Viligeuka hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na maelezo yake ya haki.

Wiki mbili baadaye Waganda wa vyama na makundi mbalimbali waliitwa Moshi. Machi 24 hadi 26 walikaa na kuunda umoja wao, wakamchagua Profesa Yusuf Lule, msomi wa Makerere, kuwa kiongozi. Milton Obote, aliyekuwa mgeni wa Mwalimu Dar es Salaam tangu alipopinduliwa Januari 1971, aliombwa asihudhurie. Hilo lilikuwa jambo la busara, maana Waganda wengi, hasa Buganda, walikuwa hawajasahau jinsi alivyomfukuza Kabaka mwaka 1966. Ila kutokuwepo kwake ukumbini hakukumwondoa kwenye mizani. Wapiganaji wengi wa Kiganda walioongozana na jeshi letu walikuwa wake, wa Kikosi Maalum, chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok. Wengine walikuwa wa FRONASA ya kijana mmoja aliyeitwa Yoweri Museveni.

Hawa ndio wa kuwatazama kwa makini. Vita vilipoanza, kila kundi lilikuwa na watu wachache. Kadiri safari ilivyosonga, makundi yote mawili yaliandikisha vijana kwa maelfu, kila moja likichota zaidi katika maeneo yake na kutazama upande wake. Yakaitwa jeshi moja la ukombozi wa Uganda, lakini ndani yake kulikuwa na majeshi mawili. Wanajeshi wetu walitembea nao barabara zilezile na walikuwa na nafasi ya kuona. Wakati wa kuyavunja na kuyachanganya ulikuwa ule, kabla hayajapata kambi, magari na vyeo. Haukutumika. Wale waliokuja kuuana katika vita vya msituni vya Luwero kuanzia 1981 walikuwa wametembea pamoja nasi kutoka mpakani.

Tuje Kampala. Aliyeingia katikati ya mji na kikosi chake ni Luteni Kanali Benjamin Msuya, na kwa siku chache za mwanzo afisa huyu wa Tanzania ndiye aliyekuwa mamlaka ya mji mkuu wa nchi nyingine. Pale Nakasero, yalipokuwa makao ya idara ya usalama ya Amin, askari walikuta maiti na watu wachache waliobaki hai. Nje, wananchi walikuwa wanashangilia na kuvunja maduka kwa wakati mmoja. Baganda wakawaita askari wetu bakombozi. Makadirio ya watu waliouawa katika miaka minane ya Amin yanafika 300,000, na mtu aliyetoka katika hali hiyo akamkumbatia askari wa kigeni barabarani alikuwa na furaha ya kweli. Tusiipunguze.

Aprili 13 Lule akaapishwa. Juni 20 akaondolewa, baada ya siku 68. Ugomvi ulikuwa juu ya madaraka: Lule aliteua na kubadilisha mawaziri kwa uamuzi wake, na Baraza la Ushauri lililotokana na Moshi likasema lazima liidhinishe. Kisheria baraza lilikuwa na hoja nzuri, na Dar es Salaam iliiunga mkono. Lakini Kampala ililipuka. Watu waliandamana wakiimba "Twagala Lule", kwamba wanamtaka Lule, na miongoni mwa waliotumwa kuwatawanya walikuwa askari wa Tanzania. Hapa ndipo heshima ya bakombozi ilipoanza kuchujuka. Hazikupita hata siku mia tangu askari yuleyule akumbatiwe barabarani, naye sasa yuko barabara ileile akimzuia raia kumdai rais wake. Lule mwenyewe alikaa Dar es Salaam kwa muda kabla ya kwenda London.

Baraza likamweka Godfrey Binaisa, mwanasheria. Mei 1980 Binaisa akamwondoa Oyite-Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi. Mara Tume ya Kijeshi, mwenyekiti wake Paulo Muwanga na makamu wake Museveni, ikateka redio na kutangaza kwamba imechukua madaraka. Rais aliyewekwa kwa utaratibu uleule tulioutetea mwaka mmoja kabla alipinduliwa na askari wasiozidi nguvu ya jeshi letu lililokuwa palepale. Binaisa alibaki Ikulu ya Entebbe akilindwa na Watanzania, uhai wake salama, urais wake umekwisha. Tanzania ikasema ni mambo ya ndani ya Uganda.

Iweke Juni ile na Mei hii pamoja. Mwaka 1979 tulisimama na baraza kwa sababu ndicho chombo halali, hata umati ulipokataa. Mwaka 1980 chombo halali kilipopinduliwa na bunduki, tukasema hatuhusiki. Mganda wa kawaida hakuhitaji shahada kuona matokeo yanaelekea wapi. Kabla Mei haijaisha, Obote alitua Bushenyi, akapiga magoti na kubusu ardhi ya nchi yake mbele ya umati mkubwa. Waliokuwa wakisema tangu mwanzo kwamba Nyerere alikuwa anamrudisha rafiki yake walipata ushahidi wanaoutaka.

Je, ndivyo alivyokusudia? Mimi nadhani Mwalimu aliamini kwa dhati kwamba Obote alipinduliwa kwa dhuluma na kwamba akishinda kwa kura, dhuluma ile itakuwa imerekebishwa. Sina shaka na nia yake. Nina shaka na wazo kwamba nchi yenye maelfu ya askari katika ardhi ya jirani inaweza kuwa na mgombea moyoni na bado ikaaminiwa kusimamia uwanja. Jumuiya ya Madola ilileta waangalizi wa uchaguzi. Ulinzi wa nchi nao ungepelekwa mapema kwenye mikono ya wengi, ya Madola au ya Afrika, ili asiwepo jirani mmoja anayebeba silaha na lawama peke yake. Ni kweli kwamba wafadhili walikuwa wazito wa kulipia na Afrika ilikuwa imegawanyika. Lakini kila mwezi uliopita bila hilo ulizidisha hisia kwamba Kampala inaamuliwa Dar es Salaam.

Uchaguzi ulifanyika Desemba 10, 1980, ukaendelea hadi 11. Wafuasi wa chama cha DP cha Paul Ssemogerere walikwishaanza kushangilia mitaani Kampala pale Muwanga alipotoa amri kwamba hakuna mtu mwingine yeyote mwenye ruhusa ya kutangaza matokeo isipokuwa yeye. Matokeo yalipotoka, UPC ya Obote ilikuwa imeshinda. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walilaumu mengi, lakini hawakuukataa uchaguzi. Museveni, ambaye chama chake kiliambulia kiti kimoja, aliingia msituni Februari 6, 1981 kwa kushambulia kambi ya Kabamba. Januari 1986 akaingia Kampala. Baina ya tarehe hizo mbili kuna Luwero, na mafuvu yaliyopangwa juu ya meza kando ya barabara ili wapita njia wayaone.

Sasa nigusie sehemu inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inaivuruga hata hoja yangu mwenyewe. Ni rahisi kusema jeshi la kigeni liondoke haraka. Letu liliondoka, na kwa heshima: hatukubaki na kipande cha ardhi ya Uganda, hatukuchimba dhahabu yao, hatukujipatia kituo cha kijeshi. Jeshi letu lilimaliza kujiondoa Juni 1981. Lakini huko Nile Magharibi, nyumbani kwa Amin, raia walikuwa wanawaogopa zaidi askari wapya wa Uganda, waliokuja na kisasi, kuliko Watanzania. Oktoba 1980 maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Juni 24, 1981, watu waliokuwa wamejificha katika misheni ya Kikatoliki ya Ombachi, karibu na Arua, walishambuliwa na askari wa serikali yao na kuuawa kwa wingi. Mkombozi alikuwa anafunga virago.

Kwa mtu aliyejificha ndani ya misheni ile, swali la kama majeshi ya kigeni yakae au yaondoke halikuwa na maana ile aliyoielewa mwanadiplomasia. Alichohitaji ni mtu mwenye silaha asiyemchukia. Kwa mwaka mmoja na zaidi mtu huyo alikuwa Mtanzania, na hakuna aliyekuwa ameandaliwa kumrithi. Jeshi la Uganda lilikuwa limeundwa kwa haraka, bila kuchanganywa, bila kulipwa vizuri. Kuondoka kwetu kulikuwa sahihi kisheria. Kilichokosekana ni maandalizi ya siku inayofuata, na hayo yalipaswa kuanza Aprili 1979.

Tusidhani pia kwamba Afrika ilitupigia makofi. Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania mbele ya wakuu wa nchi kwa kuvunja mkataba wa umoja, na Binaisa ndiye aliyesimama kututetea. Nyerere aliwakumbusha wenzake kwa miaka mingi kwamba walinyamaza Amin alipokuwa akiua, hata wakampa uenyekiti wa umoja huo mwaka 1975 katika mkutano ambao Tanzania ilikataa kuhudhuria. Alikuwa sahihi. Hata hivyo hofu ya wale waliolalamika haikuwa ya kipuuzi. Waliogopa kwamba kila jirani mwenye nguvu atajipa kazi ya kubadilisha serikali asiyoipenda, na si kila jirani atakuwa Nyerere.

Hofu hiyo ilitimia Kongo. Mei 17, 1997 wapiganaji wa Laurent Kabila waliingia Kinshasa, Mobutu akiwa amekimbia, kwa nguvu ya majeshi ya Rwanda na Uganda. James Kabarebe, afisa wa Rwanda, akawa mkuu wa majeshi ya Kongo. Kabila alipoamuru wageni waondoke mwishoni mwa Julai 1998, haikupita wiki moja vita vipya vikazuka. Juni 2000 Rwanda na Uganda, washirika wa jana, walipigana kwa mizinga siku sita ndani ya Kisangani, mji ambao si wa yeyote kati yao, na wakazi wake ndio waliokufa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda mwaka 2005 kwa uvamizi na uporaji, na mwaka 2022 ikaitaka ilipe dola milioni 325. Aliyekuwa madarakani Kampala wakati majeshi hayo yanavuka mpaka ni yuleyule kijana wa FRONASA aliyetembea na jeshi letu mwaka 1979. Huwa najiuliza alijifunza nini kwetu. Aliona kwamba jeshi linaweza kuvuka na kumwangusha dhalimu. Aliona pia kwamba atakayesema nani akae kitini ni yule mwenye bunduki mjini. La tatu, kwamba ukimaliza unaondoka mikono mitupu, ama halikumwingia, ama hatukulisema kwa sauti ya kutosha.

Sisi nyumbani tulilipa. Gharama ya vita inakadiriwa dola milioni 500, na kuwalisha askari Uganda kuliendelea baada ya ushindi. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mikanda. Waliokuwa wakubwa enzi hizo wanajua mikanda haikulegezwa kwa wakati: foleni za sabuni na sukari, unga wa njano, duka la ushirika lenye rafu tupu na karani aliyekaa tu. Vita havikuwa sababu pekee. Bei ya mafuta ilipanda, kahawa ikashuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya umefungwa. Lakini kila kaya ilichangia ukombozi wa Uganda kwa namna fulani, hata ile iliyokuwa Mtwara au Songea na haijawahi kumwona Mganda. Watu waliolipa kiasi hicho wana haki ya kujua kilichonunuliwa.

Na hawajui. Tumejenga kumbukumbu ya mapigano, tukaacha kumbukumbu ya utawala. Kwa nini Juni 1979 tuliingilia na Mei 1980 tukakaa kando? Nani alitoa amri, na kwa maneno gani? Makamanda wetu waliandika nini kuhusu uandikishaji wa Kikosi Maalum na FRONASA? Ni askari wangapi wetu walioshtakiwa kwa kupora au kudhulumu raia wa Uganda, maana wapo waliofanya hivyo, na Waganda wanawakumbuka pamoja na waliowapa chakula? Haya siyo maswali ya kuchafua jina la jeshi. Jeshi lililokwenda kisiwa cha Anjouan, Komoro, mwaka 2008 pamoja na wenzake wa Umoja wa Afrika kumwondoa mtawala wa kisiwa hicho, Mohamed Bacar, na lililotumwa Kongo mara kadhaa, linayahitaji majibu hayo kuliko mtu mwingine yeyote. Afisa kijana wa leo anafundishwa jinsi Lukaya ilivyopiganwa. Afundishwe pia asubuhi ya siku ambayo Msuya alijikuta anatawala mji, bila maelekezo ya kutosha ya nini cha kufanya nao.

Aprili 2029 itatimia miaka 50 tangu Kampala ianguke. Askari aliyekuwa na miaka 20 wakati ule atakuwa na 70, na waliokuwa makamanda wengi wametutoka, na sanduku lao la makaratasi limebaki kwa wajukuu wasiojua thamani yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere wanaweza kukaa pamoja sasa, wakaenda Bukoba na Masaka, Arua na Monduli, wakarekodi wazee wa pande zote mbili kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Serikali zetu mbili zinaweza kufungua majalada ya miaka ile. Kazi hiyo ianzie kwenye kumbukumbu za mkutano wa Moshi wa Machi 1979 na isisimame Kampala kama tulivyozoea. Iende hadi Juni 1981, hadi Ombachi, na kila jina la aliyetoa amri na aliyekataa kutoa liandikwe.